Utabiri wa kipupwe umetoka: watu wa Nyanda za Juu Kusini tusiishie kwenye namba ya nyuzi joto

Mwana wa Kipengere (mleta uzi)

Wakuu, kamwene. Na ninyi wa Tukuyu, mugonile.

Kama ilivyo kawaida kila Mei inapoelekea mwisho, TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) wameshatoa mwelekeo wa kipupwe, Juni hadi Agosti. Na kama ilivyo kawaida, kwenye magrupu kinachozunguka ni kipande kimoja tu, ile namba ya joto la chini kabisa. Watu wanarushiana, wanawacheka ndugu zao wa Dar, yameisha. Mimi nalima viazi huku upande wa Njombe, na nasema wazi kwamba ile namba peke yake haijawahi kuniokolea hata tuta moja. Upepo unaokutetemesha barabarani na baridi inayoua shamba ni vitu viwili, na mara nyingi haviji usiku mmoja. Anayevichanganya atajifunika siku ambayo shamba halina shida, halafu alale fofofo siku ambayo viazi vinakufa.

Tuanze na baridi yenyewe inatoka wapi. Mwezi wa sita jua liko mbali kaskazini, tarehe 21 hivi linafika mwisho wake kwenye Tropiki ya Kansa, kwa hiyo sisi wa kusini mwa ikweta usiku wetu unakuwa mrefu kuliko mchana. Wakati huohuo, kusini mwa Bahari ya Hindi, pande za visiwa vya Mascarene (Mauritius, Réunion na majirani zao), kuna eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa ambalo msimu huu huimarika. Linasukuma hewa ya ubaridi kuja huku ikipitia pande za Msumbiji. Pwani wanaiita kusi, na wavuvi wanaijua vizuri. Kwetu inagonga milima ya Udzungwa, Kipengere, Livingstone na Uporoto. Sasa ongeza mwinuko. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi 6 hivi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, Njombe inakaribia 2,000, na uwanda wa Kitulo uko kama 2,600. Piga hesabu mwenyewe.

Halafu kuna habari ya "chini ya wastani" na "juu ya wastani". Wastani unaosemwa ni wa mahali palepale, kwa kumbukumbu za miaka 30. Kipimo cha kimataifa kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Makete wakiambiwa joto litakuwa juu ya wastani haina maana wauze mablanketi. Maana yake ni kwamba Makete itakuwa na afadhali kidogo kuliko Makete ya siku zote. Tena ni hesabu ya miezi mitatu kwa pamoja. Msimu mzima unaweza kuwa wa afadhali na bado ukapata usiku mmoja mbaya, na kiazi hakiulizi wastani wa msimu.

Kwa hiyo mwelekeo wa msimu utumie kupanga: lini upande, ununue kuni lini, nyumba irekebishwe kabla ya Juni au baada. Usiku mmojammoja unausoma kwenye utabiri wa kila siku na ule wa siku kumi wa wakulima. Na yale maneno yao yana ngazi: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Wakisema angalizo la upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa, hiyo siyo salamu.

Karibuni. Ya shamba nitayaeleza hapo chini nikitoka kumwagilia.

---

Mtoto wa Pwani

Mkuu, mimi nahamishiwa Mbeya kikazi mwezi ujao. Tangu nizaliwe sijaishi nje ya Temeke. Hizo nyuzi 8 zinazozunguka kwenye magrupu ni baridi ya namna gani? Kuna mtu kaniambia huko watu wanalala na jiko la mkaa chumbani, ni kweli?

---

Bodaboda wa Kabwe

Hahaha karibu sana Mbeya kaka. Nyuzi 8 ni pale unapoamka, unayaangalia maji ya kunawa, na yenyewe yanakuangalia.

---

Nesi wa Mafinga

Mtoto wa Pwani, hilo la jiko naomba nilijibu mimi kabla hajakujibu mtu mwingine.

USILALE NA JIKO. Kila kipupwe tunasikia familia imekutwa imelala na haikuamka. Mkaa unapowaka ndani unatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina rangi, haina harufu. Inaingia kwenye damu na kukaa pale ambapo hewa safi ilipaswa kukaa. Watu wanadhani hatari ni moshi, kwa hiyo wanasubiri mkaa ukolee uwe mwekundu ndipo waingize jiko chumbani. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa gesi hiyo kwa wingi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea, na mtu aliyelala hazisikii kabisa. Kufungua dirisha kidogo siyo kinga. Pasha chumba moto jioni mkiwa macho na mlango ukiwa wazi, kisha jiko litoke nje kabla hamjapanda kitandani. Mkimkuta mtu amelegea chumbani kwenye jiko, mtoeni nje kwanza, maswali baadaye, halafu hospitali.

La pili ni kwa wenye watoto. Mafua ya kipupwe ni mengi na mengi yanapita. Nimonia haipiti yenyewe. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua umhesabie pumzi kwa dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 au zaidi, wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40 au zaidi, hiyo ni haraka kupita kiasi, mpeleke kituo cha afya. Ukiona kifua kinabonyea kwa ndani anapovuta pumzi, usisubiri kukuche. Na tafadhalini, akina mama wakwe, kumvisha mtoto masweta manne kisha kumlaza jikoni kwenye moshi wa kuni siyo kumkinga. Moshi wenyewe unamharibia kifua.

---

Mtoto wa Pwani

Asante sana dada. Jiko nimelifuta kwenye orodha.

---

Mzee wa Vinyungu

Vijana, mimi niko Kilolo, na vinyungu (vishamba vya bondeni penye unyevu) nilianza kulima kabla wengi wenu hamjazaliwa. Nina swali kwa mleta uzi. Nina maharage mlimani na viazi bondeni. Upepo ukivuma usiku kucha, mlimani nakuta majani yamechanika na bondeni salama. Siku upepo ukinyamaza na nyota zikawaka zote, bondeni asubuhi nakuta nyeupe, na ikifika saa nne majani meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Mlimani hayajaguswa. Wataalamu wanasemaje?

---

Mwana wa Kipengere

Mzee shikamoo. Umeuliza swali ambalo lenyewe ndilo jibu, ila ngoja niseme kwa nini, maana ndiyo sababu ya uzi huu.

Mchana udongo unakunywa joto la jua. Usiku unalirudisha juu angani. Kukiwa na mawingu, sehemu kubwa inarudishwa chini. Anga likiwa jeupe la nyota, joto hilo linapotea kwa wingi. Sasa ile hewa iliyogusa ardhi inapoa, na hewa iliyopoa ni nzito. Upepo ukiwepo unaikoroga na hewa ya juu yenye joto, shamba linapona. Upepo ukinyamaza, inateremka polepole kufuata mteremko mpaka bondeni, inakaa pale mpaka jua lichomoze. Na vinyungu vyetu viko wapi? Bondeni, kwenye unyevu. Ndiyo maana kipupwe tunalima mahali penye maji na palepale ndipo jalidi, hiyo nyeupe yako ya asubuhi, inapolala.

Kwa hiyo TMA wakitangaza upepo mkali, mimi naogopea paa, kuku na miparachichi. Wakisema upepo utapungua na anga litakuwa wazi, hapo ndipo naogopea viazi. Saa mbili usiku natoka nje: majani ya mlingoti (mkaratusi) hayatikisiki, nyota zote ziko wazi, pua inauma. Siku hiyo silali mapema.

---

Sao Hill Junior

Hapo ndipo mimi nagombana na hao TMA. Mwaka jana kituo kimeandika nyuzi 3, mimi kwangu majani yana barafu. Barafu ni sifuri! Nani mwongo?

---

Mwana wa Kipengere

Hakuna mwongo mkuu. Kipimajoto cha kituo kimewekwa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya hewa, karibu mita moja na nusu kutoka chini. Hivyo ndivyo vipimo vinavyofanyika duniani kote ili Mbeya ilinganishwe na Nairobi au London. Usiku ule wa anga jeupe, hewa iliyogusa nyasi inaweza kuwa na ubaridi wa nyuzi tatu nne kupita hiyo ya kwenye kisanduku. Wao wakiandika 3, kiazi chako kimelala kwenye sifuri au chini yake. Mimi kwa hesabu yangu, nikisikia 5 na upepo hakuna, nachukulia kwamba jalidi ipo.

Kama unalima kwa dhati, nunua kipimajoto chako, kitundike bondeni usawa wa goti. Utabiri wa kanda ya Nyanda za Juu Kusini-Magharibi unabeba Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe na Rukwa kwa pamoja. Hauwezi kulijua bonde lako.

---

Kyela Mchele

Kweli kabisa. Mnatuweka kwenye mkoa mmoja na Uyole wakati sisi Kyela tuko chini, kama mita 500, mwezi wa saba tunalala na shuka moja. Hapo Mbarali nao, kule Ubaruku, wana joto lao. Tukuyu ndiyo kabisa: wakati mkoa mzima unalia na vumbi, wao wananyeshewa manyunyu ya kipupwe kwa sababu upepo unapita juu ya Ziwa Nyasa, unabeba unyevu, unaumwaga Rungwe. Mkoa mmoja, misimu mitatu.

Ila msitusahau kwenye upepo. Ziwa letu ni refu, limelala kaskazini kusini, na kusi linalipiga kwa urefu wake wote, kwa hiyo mawimbi yanapata nafasi ya kukua mpaka yatufikie huku juu. Wamalawi wanauita mwera. Mei mpaka Agosti mtu wa mtumbwi asiyesikiliza utabiri Matema haheshimiki.

---

Mzee wa Vinyungu

Marahaba mwanangu, nimekuelewa. Sasa moshi? Sisi usiku wa nyeupe tunachoma majani mabichi pembeni ya shamba ili moshi utande. Baba yangu alifanya hivyo.

---

Mwana wa Kipengere

Mzee, hapa tutatofautiana kwa heshima. Moshi wenyewe hauzuii joto kutoroka. Chembe zake ni ndogo mno kwa kazi hiyo. Kinachosaidia, kama kipo, ni joto la moto, na linasaidia zaidi ukiwasha vidogo vingi vilivyotawanyika kuliko kimoja kikubwa, maana kikubwa kinarusha joto lake juu linapotelea huko. Anayechoma matairi ndiye hajielewi, anawaua majirani kwa mapafu bure.

Mimi ninachofanya ni maji. Mchana wa siku ninayoihofia namwagilia mpaka udongo unywe. Udongo wenye maji unatunza joto la mchana na kulitoa usiku polepole. Udongo mkavu uliotifuliwa umejaa hewa, hautunzi kitu. Na hili litawashangaza wengi: matandazo ya nyasi, ambayo tunahubiriwa kila semina, usiku wa jalidi yanaweza kukuumiza. Yanazuia joto la udongo lisipande kwenye jani. Kwa kiangazi cha kawaida ni mazuri sana. Kwa viazi vichanga bondeni mwezi wa Julai, mimi nayasogeza pembeni.

Kitalu cha miche kifunike jioni jua likiwa bado lipo, kwa nyasi juu ya fito au turubai lisilogusa majani, maana jani linalogusa nailoni linaungua palepale linapogusa. Asubuhi funua.

Halafu uzio, mzee. Kama upande wa chini wa shamba umepanda matete au michongoma ikashikana kabisa, umeziba njia, ile hewa nzito inashindwa kuteremka zaidi na inakaa kwako. Fungua mwanya upande wa chini. Nimeona shamba la jirani likipona kwa kukata matete tu.

Na lililo la uhakika kuliko yote: usipande viazi bondeni viwe vichanga katikati ya Juni na Julai. Panda mteremkoni, au subiri. Ngano na pareto zinavumilia ndiyo maana Makete haziwaumizi vichwa. Matofaa yenyewe yanataka hiyo baridi ili yachanue vizuri.

---

Mzee wa Vinyungu

Kwenye matandazo umenigusa. Bwana shamba wetu aliniambia niongeze. Nitajaribu nusu kwa nusu mwaka huu nione, siamini mtu wa mtandaoni moja kwa moja.

---

Mwana wa Kipengere

Hiyo ndiyo njia sahihi kabisa mzee.

---

Bodaboda wa Kabwe

Turudi mjini jamani, wengine shamba letu ni lami. Upepo wa asubuhi kutoka Uyole kushuka huku unapita ndani ya jaketi kama hukuvaa kitu. Vijana wa kijiwe tunaweka boksi la karatasi ngumu kifuani chini ya jaketi. Mikononi mwingine anavaa soksi juu ya glavu.

---

Mwana wa Kipengere

Boksi linazuia upepo, na ndiyo kazi yenyewe. Kuna kanuni ya kupima baridi mwili unavyoihisi ukiwa na upepo. Hewa ya nyuzi 10 na upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi inaihisi kama nyuzi 6. Wewe ukitoka saa kumi na mbili asubuhi kukiwa nyuzi 5, ukakimbiza pikipiki kilomita 60 kwa saa, usoni na vidoleni ni kama uko kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri. Vidole vikifa ganzi breki unaishika kwa kuchelewa. Simama kijiweni upashe mikono moto; abiria atasubiri.

---

Fundi Papi

Na sisi mafundi mtusikie. Msimu huu simu zinaanza kuita upepo ukishaezua. Bati haling'oki katikati, linaanzia pembeni na kwenye kona, pale paa linapochungulia nje ya ukuta. Upepo unaingia chini ya hiyo sehemu unainyanyua, na ule unaopita juu unaivuta. Kwa hiyo kabla ya Juni panda juu uangalie mstari wa mwisho wa misumari. Uliolegea usiupigilie kwenye tundu lilelile, tundu limeshatanuka. Sogea, piga mpya wa kofia. Papi za pembeni zifungwe kwenye kenchi kwa waya, na kenchi ifungwe kwenye ukuta. Wengi kenchi imekaa tu juu ya tofali kwa uzito wake. Na zile tofali na mawe mnayopanga juu ya bati, upepo ukizidi yanakuwa silaha.

---

Sao Hill Junior

Naongeza moto. Huku Mufindi msimu huu nyasi zimekauka, upepo upo, mtu anaandaa shamba kwa kiberiti saa nane mchana. Cheche moja inaingia kwenye misindano (mipaini), na shamba la miti la serikali huku ndilo kubwa kuliko yote nchini. Ukilazimika kuchoma, pata kibali, lima barabara ya moto, choma jioni upepo umetulia, uwe na watu.

---

Mama Vifaranga

Samahanini nimechelewa. Nina vifaranga Iringa mjini, wanafika wiki ijayo. Banda linatazama kusini-mashariki. Niahirishe?

---

Mwana wa Kipengere

Mama, upepo wako unatoka hukohuko kusini-mashariki. Ziba upande huo kwa turubai kuanzia chini, juu uache nafasi ya hewa. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35 usawa wa mgongo wao, kisha unashusha nyuzi 3 hivi kila wiki. Usiangalie kipimo tu, waangalie wao: wakirundikana chini ya joto wanaona baridi, wakikimbilia ukutani wamezidiwa, wakitawanyika na kula wako sawa. Kama unatumia chungu cha mkaa, aliyoyasema Nesi yanawahusu na kuku, hewa ya juu isizibwe. Kuahirisha siyo lazima, ila mkaa wa akiba uwepo ndani kabla hawajafika.

Miparachichi michanga nayo iko hivyohivyo, ikingwe upande huohuo. Mikubwa, upepo unakwaruzisha matunda kwenye matawi na mnunuzi wa nje anayakataa kwa makovu. Mstari wa miti unaopitisha upepo kidogo ni bora kuliko ukuta, unakinga mpaka umbali wa mara kumi ya urefu wake. Weka mgrivea. Milingoti karibu na kinyungu usiweke, itakunywa maji yote.

---

Mama Vifaranga

Ubarikiwe baba. Leo naziba.

---

Mtoto wa Pwani

Swali la mwisho kabla sijafunga mabegi. Jaketi ninunue Kariakoo au huko?

---

Mchuuzi wa Mwanjelwa

Njoo huku huku kaka, mitumba ya baridi tunaijua sisi. Na usianze na jaketi. Anza na fulana nzito ya ndani, sweta, soksi mbili za sufi na kofia ya kufunika masikio, jaketi liwe la mwisho na liwe la kuzuia upepo, siyo la urembo. Ila moja la kujisitiri njoo nalo kutoka huko, maana basi lako likifika Uyole usiku soko limeshafungwa. Tena uwe nalo mkononi, usilifungie kwenye buti la basi.